Anayeita Mara Moja

Mashine ikizimwa, wateja hunyamaza pia. Labda wamechoka kupigiana kelele, labda wanaona haya kusikika ghafla. Injini inakoroma mara ya mwisho, mkanda unalegea, unga unatua polepole kutoka hewani, na watu wote ndani ya kile chumba cha mabati wanasimama kimya kama walioingia kanisani wamechelewa. Kwa miaka mingi niliupenda ukimya huo. Nilikuwa nauvumilia mchana wote nikijua unakuja.

Kisha jioni moja haukuja.

Nilizima mashine kwa mkono wangu. Nikaliona gurudumu limesimama. Na bado ilikuwa inasaga, ndani ya kichwa changu, upande wa kushoto zaidi kuliko wa kulia.

Naandika haya polepole, maana shule yangu iliishia darasa la nne. Mambo ya madaktari siyajui na sitajifanya nayajua. Nakuandikia wewe unayesimama kando ya kinu cha dizeli, wewe unayeuza chai pale wanapogonga mabodi ya malori, wewe unayeketi chini ya spika kila matanga kwa sababu ni lazima mfiwa akae mbele. Kama huwezi kusoma, mtu akusomee, na akusomee kwa sauti ya kawaida. Ukiona ni lazima apaze sauti na yuko hapo kando yako, basi umechelewa kidogo. Lakini usiondoke.

Naishi sokoni upande wa Awendo, pale malori ya miwa yanapopinda kuingia barabara kubwa. Mume wangu alikufa akaniacha na kinu cha kusaga unga, nikakiendesha mwenyewe. Watu huniita Min Achieng', yaani mama yake Achieng'. Achieng' alikuwa kifungua mimba wangu. Naye alikufa, mtoto wake Akinyi akiwa bado ananyonya, nikamchukua huyo mtoto mgongoni na kumpeleka kwenye kinu kila siku. Akinyi sasa ana miaka tisa. Ananiita Mama. Hakuna aliyemfundisha na hakuna aliyemkataza. Sura alichukua ya baba yake, lakini sauti ni ya Achieng', haijapungua hata kidogo. Sauti nyembamba, inayopanda mwishoni kama swali.

Kumbuka hiyo sauti. Ndiyo iliyoniletea taabu yote.

Msagaji mzuri husaga kwa sikio. Mahindi yakikaribia kuisha mdomoni mwa kinu, mlio hupanda, unalia kama mbwa aliyefungiwa nje. Kokoto ikiingia unaisikia kabla haijavunja nyundo za ndani. Chekeche ikitoboka kuna mluzi mdogo, na usipousikia utawapa watu unga wenye pumba nao watakutukana mbele ya soko. Kwa hivyo hakuna msagaji kwetu aliyewahi kuziba masikio. Ungemwambia azibe angekuuliza kama na macho ayafumbe pia.

Jioni ile ukimya usipokuja ilikuwa wakati wa mavuno ya mahindi, baada ya mvua ndefu. Foleni ilikuwa inafika barabarani. Nilidhani unga umeingia sikioni ukaganda. Basi nikafanya kama mama yangu alivyokuwa anafanya: nikachomoa unyoya wa kuku, nikausafisha, nikaingiza, nikazungusha. Ni raha, sitakudanganya. Unafunga macho. Nikazungusha kila siku. Sauti ilipokataa kutoka nikapasha mafuta ya kupikia kidogo, nikamwaga. Baada ya wiki chache mto wangu ulikuwa na madoa ya usaha na sikio linanuka. Nililala nalo chini ili Akinyi asisikie harufu.

Halafu vitu vikaanza kuondoka, kimoja kimoja, bila kuaga. Cha kwanza ni ndege. Nilimuuliza Akinyi, "Hawa ndege wa asubuhi walihama?" Akanyoosha kidole juu ya mti wa nyuma ya jikoni. Walikuwa wamejaa, midomo wazi, shingo zinatetemeka, na hakuna kitu kinachotoka. Niliogopa ule mti. Nikaacha kuuangalia.

Kisha sufuria ikaacha kuniambia imechemka. Kisha watu wote wakaanza kuongea kama wana ugali mdomoni. Nikawa nageuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje, shingo ikauma. Nikawa mkali zaidi ya nilivyokuwa, na nilikuwa mkali tayari. Mtu akisema kitu nisichokisikia namwambia, "Hapana." Hapana ni jibu salama. Watoto wa soko wakajua: ukitaka kitu kwa Min Achieng', usiulize.

Sauti ya Achieng' ilikuja wakati wa mvua fupi. Nilikuwa nimekaa nje nabambua karanga, jua linawaka, Akinyi yuko shule. Mashine ya kichwani inanguruma kama kawaida yake. Na ndani ya ule mngurumo, mbali kidogo, kama mtu aliyesimama ng'ambo ya shamba la miwa:

"Mama!"

Mara moja tu.

Kwetu mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Ngoja. Mtu wa kawaida asipojibiwa ataita tena, hata mara tatu, na kukutukana juu yake. Wale waliokwenda huita mara moja. Ukiwaitika umewafungulia mlango. Nilifundishwa hivyo na nyanya yangu huko ziwani karibu na Sori, nikawafundisha watoto wangu, nikamfundisha na Akinyi.

Basi nilinyamaza. Karanga zikabaki mkononi. Hakuita tena.

Kesho yake aliita. Siku iliyofuata hakuita, na siku hiyo ndiyo niliumia zaidi. Sijui kama unanielewa. Mtoto wangu aliniita na mimi nikamnyamazia, mara nyingi, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Nilikuwa nauma kanga yangu. Nilikonda hadi blauzi zikawa zinaning'inia. Akinyi naye akabadilika. Akawa mtoto wa kukaa pembeni. Nikasema moyoni, labda naye anamsikia.

Nilimwambia shemeji yangu Perpetua, mke wa ndugu ya mume wangu. Tumeolewa boma moja, tumezeeka pamoja, hakuna kitu changu asichokijua.

"Yawa, jamani," akasema, "huyo anataka kitu. Mtu haiti bure."

"Anataka nini kwangu?"

"Si nitajuaje? Twende uombewe."

Perpetua anasali na wale wanaovaa kanzu nyeupe na kupiga ngoma. Sitawasema vibaya. Walinipokea kwa mapenzi kuliko watu wangu wenyewe. Walinikalisha katikati, wakaniombea mchana kutwa, na siku zilizofuata pia. Ngoma zilikuwa huku na huku. Perpetua ndiye anayeshika kengele katika kanisa lao, kengele ya mkono, ya shaba, na kwa kuwa roho ilikuwa imekaa sikioni, kengele ililetwa hapo ilipokaa. Aliipiga karibu na sikio langu la kulia, lile zima, maana nilikuwa nimewaambia ndilo linalomsikia Achieng', mpaka nikauhisi mlio kwenye meno. Alikuwa analia akipiga. Machozi ya kweli. Alikuwa anamfukuza Achieng' wake pia, maana alimbeba akiwa mdogo.

Nilirudi nyumbani kama niliyezibwa pamba masikioni. Hata mashine ya kichwani ilinyamaza siku hiyo, wakasema amina. Iliporudi, ilirudi pande zote mbili.

Mtoto wangu mwingine anaitwa Adhiambo. Yuko Homa Bay, anauza omena, dagaa wa ziwani. Alikuja shule zilipofungwa mwezi wa nne, mvua ndefu imeanza, barabara imekuwa matope mekundu. Adhiambo ni kama mimi, hana maneno matamu. Alikaa siku mbili akiangalia tu. Siku ya tatu tulikuwa mimi na yeye jikoni, namenya ndizi, na sauti ikaja.

"Mama!"

Kisu kikasimama. Nikainamisha kichwa, nikabana mdomo, nikangoja ipite. Nilipoinua macho Adhiambo alikuwa ananikodolea.

"Kwa nini humjibu?"

Nikashtuka. "Na wewe umemsikia?"

"Si ni Akinyi! Yuko kisimani, mtungi umemshinda. Amekuita mara tatu, Mama. Tatu. Mpaka ameanza kulia."

"Ameita mara moja."

"Mara tatu!"

"Nimesikia mara moja, Adhiambo."

Tukatazamana. Hapo ndipo nilipoelewa, na nikwambie, hakuna mzimu ulionitisha kama kile nilichoelewa. Masikio yangu yalikuwa yanaokota mwito mmoja kati ya mitatu. Mtoto aliye hai anaita, anaita, anaita, na kwangu unafika mmoja, kwa sauti ya mama yake. Nami nafanya nilivyofundishwa. Ni mara ngapi alikuwa yeye? Sijui. Sitajua kamwe. Wakati mwingine Akinyi alikuwa shule, hiyo naapa. Lakini wakati mwingine hakuwa shule.

Adhiambo alitoka kumsaidia mtungi. Aliporudi nilimweleza habari ya sauti ya Achieng', naye akanisogelea uso kwa uso, ndiyo njia ya kunisemesha, akaongea polepole.

"Unajua ameniuliza nini? Ameniuliza, 'Mama mdogo, mimi nilimkosea Mama nini?'" "Anafikiri umemchukia. Ati anakuita unamwangalia tu, unageuza uso."

"Mwambie—"

"Nimwambie nini? Ati mama yake aliyekufa amechukua zamu yake? Sikia. Siku moja huyu mtoto ataungua, au ataumwa na nyoka huko kwenye miwa, aite mpaka afe. Mwisho wa mwaka shule zikifungwa nakuja kumchukua. Atasoma Homa Bay."

"Hutamchukua."

"Basi nionyeshe utamsikia. Kama huwezi, namchukua, na usinilaumu."

Sikuwa na hasira naye. Ningekuwa yeye ningemchukua siku ile ile.

Kwa hivyo nilikwenda kwenye kliniki ya masikio huko Homa Bay kwa ajili ya Akinyi, si kwa ajili ya masikio. Kama ni mimi tu, ningezeeka na mashine yangu kichwani.

Sasa nikwambie kuhusu kungojea kwenye benchi la viziwi. Nesi anatoka mlangoni na faili, anaita jina. Hakuna anayesimama. Anaita tena. Watu wanamwangalia kwa heshima. Anarudi ndani. Nilikaa hapo asubuhi nzima, na baadaye nikajua jina langu liliitwa mapema kabisa. Kando yangu alikuwa mama mmoja Mkuria, Gati, mwenye kibanda cha chai Isebania katikati ya karakana za malori, wanapogonga mabati kutwa. Aliniegemea, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje:

"Hapa ni kanisa la viziwi, na padri ananong'ona!"

Hata nesi alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka mwaka huo. Tukapanga: mimi niangalie mdomo wake nesi kwa jina la Gati, yeye aangalie kwa langu. Jina la mtu mwingine ni rahisi kulisoma mdomoni kuliko lako, sijui kwa nini. Tulikaa tumeshikana mikono kama wasichana. Nesi naye baada ya hapo alianza kuja kumgusa kila mtu begani. Hayo ndiyo mambo madogo yaliyonibeba. Ni Gati aliyenishika akasema nitakaporudi nyumbani niandike, maana yeye kuandika hawezi.

Mara ya kwanza walitibu usaha tu. Dawa ya matone, na amri: unyoya basi, mafuta basi, maji yasiingie. Ngozi ya ndani ya sikio la kushoto nilikuwa nimeitoboa mimi mwenyewe na kuku wangu. Matone yalinichukua mpaka mvua ilipopungua. Mara ya pili, kidonda kimekauka, wakanipima.

Chumba cha kupimia ni kidogo kama choo, kuta zimevikwa sponji. Wanakuvika kitu masikioni, wanakupa kidude chenye kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Mlango ukafungwa. Sijawahi kuwa mahali pakimya namna ile, na sitaki kurudi. Ukimya wa nje ulipokuwa mkubwa hivyo, mashine yangu ilijaza chumba chote. Niliona kijana anayepima akinitazama kupitia kioo, anabonyeza vitu vyake. Nikasikia milio mizito, nikabonyeza. Kisha ikawa muda mrefu bila kitu. Milio ilikuwa inapita, nilijua inapita, uso wake ulinionyesha. Kama wale ndege.

"Mama!"

Nikabonyeza. Sikupanga. Kidole kilibonyeza chenyewe.

Kijana akafungua mlango, akapiga magoti mbele yangu ili nimwone mdomo, akaniita dani, yaani nyanya.

"Dani, hapo sikuwa nimetoa sauti yoyote. Ulisikia nini?"

"Mtu."

Hakunicheka. Alisema sikio likikosa sauti, kichwa hujitafutia zake. Wengine husikia nyuki, wengine mvua, wengine wimbo wa zamani. Si wazimu, si pepo.

"Sawa," nikasema. "Lakini mbona kichwa kimetafuta hiyo?"

Akasema hilo hakufundishwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Daktari naye alikuwa mama wa makamo, msema kweli. Aliniambia kilichoenda hakirudi. Hakuna dawa, hakuna unyoya, hakuna kengele. Sikio la kulia limebaki na kiasi cha kumsikia mtu aliye karibu, na hicho kidogo nikikipeleka tena kwenye mashine kitaliwa kama kile cha kwanza. Kifaa cha kusikilizia nimeandikiwa, bado nangojea zamu.

"Kelele inayokufanya upaze sauti kwa mtu unayeweza kumgusa," akasema, "hiyo inakula. Ondoka, au ziba. Na ukienda nyumbani masikio yanalia, yamekwisha liwa kidogo siku hiyo."

Nilifikiri miaka yote ile. Masikio yalikuwa yakilia kila jioni, nami nikidhani ni uchovu.

Nilitoka ndani ya kinu. Mizani niliihamishia nje, nyuma ya ukuta, chini ya kibati. Ndani nilimweka Ouko, kijana aliyekuwa akinisaidia kubeba magunia, nikamvika vile vifuniko vikubwa vya masikio. Alijiangalia kwenye kioo cha pikipiki.

"Dani, wataniita rubani."

"Waache waite. Hutawasikia."

"Sasa nitajuaje kokoto ikiingia?"

Nikauchukua mkono wake nikaubandika kwenye mwili wa mashine, karibu na nyundo. Nikamwambia afunge macho. Mahindi yakiisha, mtetemo hulegea kwenye kiganja kabla mlio haujapanda. Kokoto inagonga kwenye kidole. Nilikuwa nimejifunza hayo bila kujua, masikio yalipoanza kuniacha. Siku ya kwanza alivunja nyundo moja. Baada ya hapo hajavunja.

Kazi ngumu ilikuwa watu. Mwezi wa nane ndugu ya mume wangu alikufa, yaani mume wa Perpetua. Unajua matanga yetu. Spika zilipangwa kama ukuta, jenereta nyuma, na mahali pa wake wa boma ni mbele, karibu na mwili, chini ya hizo spika. Mke wa boma haondoki pale. Nilikaa nikamwaga machozi yangu, na muziki ulipofunguliwa nikabeba kiti changu cha plastiki mbele ya watu wote nikaenda kukaa mbali, kwenye migomba.

Perpetua alinifuata, kanga imemlegea.

"Min Achieng', unaniacha na maiti?"

"Siwezi kukaa pale. Masikio."

"Masikio! Mfiwa anakaa kwenye migomba kama mpita njia? Watasema nini?"

"Wataniambia nini nisichokisikia?"

Hakuona mzaha. Nilimwomba wageuze spika zitazame barabara, waziteremshe kidogo. Kijana wa muziki akasema matanga bila sauti ni aibu ya familia. Basi nilikaa kwenye migomba hadi mazishi. Perpetua hakunisalimu miezi. Boma moja, kisima kimoja. Mtungi wake ukiwa kwenye foleni alikuwa anauhamisha usikae karibu na wangu. Hilo liliniuma kuliko usaha.

Siku moja, mahindi ya mavuno yakiwa yamejaa, alikuja kwenye mizani, akasimama bila gunia. Akasogea mpaka upande wa sikio langu zima.

"Ile mashine yako ya kichwani," akasema. "Ilianza vipi?"

Nilimwangalia. Miaka mingapi ameshika ile kengele?

"Jioni," nikasema. "Kila kitu kikishanyamaza."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nikamvutia kiti.

Lakini Akinyi. Nilimkalisha chini nikamweleza ukweli, kama mtu mzima. Nikamwambia masikio ya Mama yameliwa, nasikia mwito mmoja kati ya mingi, na kwamba hajanikosea chochote. Alisikiliza. Akauliza, "Na kwa nini ukisikia huo mmoja hujibu?"

Nikamwambia asogee kwanza, aje mbele yangu, aniguse ndipo aseme. Akafanya hivyo, mtoto mtiifu. Lakini mtoto akiungua hasogei kwanza. Aliye kisimani hawezi kukugusa. Adhiambo alikuwa na haki, nami nilijua, na mwaka ulikuwa unaisha.

Nilifikiri sana kwenye ile mizani yangu. Nikisikia "Mama" mara moja, anaweza kuwa Akinyi na anaweza kuwa Achieng'. Siwezi kutofautisha. Nikinyamaza, namfungia mlango aliyekufa, na namfungia aliye hai. Hakuna namna ya kumfungia mmoja.

Basi niliamua. Nitaitika. Mara ya kwanza, kila mara, yeyote.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Nilikuwa kwenye mizani, sauti ikaja, nikasema, "Niko!" Wateja wakageuka. Hakukuwa na mtu. Ouko akatoa vifuniko vyake kuuliza kama nimemwita. Nikangoja kitu kinitokee. Nikapima unga. Jioni ilifika, nikala, nikalala. Kesho yake tena, "Niko!" Soko likazoea. Wengine walisema Min Achieng' amerukwa na akili. Nilikuwa nimeambiwa mabaya zaidi.

Adhiambo alikuja shule zilipofungwa, kama alivyosema. Mfuko wa Akinyi ulikuwa umefungwa, uko mlangoni, nilimfungia mwenyewe, sikutaka kubembeleza. Tulikaa nje, mimi na yeye. Akinyi alikuwa ametumwa kuokota kuni.

"Mama!"

"Niko!" nikaitika.

Adhiambo akatazama huku na huku. "Hakuna mtu ameita, Mama."

"Najua."

Aliniangalia kama yule kijana wa kliniki alivyoniangalia. Tukaendelea kunywa chai. Muda ukapita, jua likahama kwenye mabati.

"Mama!"

Chai iliruka nilivyosimama. "Niko! Niko hapa!" Nikaenda nyuma ya nyumba kabla Adhiambo hajaweka kikombe chini. Akinyi alikuwa kwenye njia, mzigo wa kuni umemwangukia mguuni, damu kidogo, si kitu kikubwa. Alikuwa amefungua mdomo kuita mara ya pili. Aliufunga aliponiona. Uso wake ule, siwezi kuuandika.

Adhiambo alituangalia nikimfunga kidonda. Kisha akauchukua mfuko pale mlangoni, akaurudisha ndani, akautundika kwenye msumari wake. Nimeshasema, hana maneno matamu.

Baada ya yeye kuondoka, Akinyi alikuja mbele yangu, akanigusa kama nilivyomfundisha.

"Mama, wakati mwingine unaitika na si mimi. Huwa ni nani?"

Ningeweza kusema masikio. Daktari angesema masikio.

"Ni mama yako."

Akafikiri. "Anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anaita tu."

"Akiita tena uniambie, nami niitike."

Kwa hivyo wewe unayesoma, toka kwenye mashine. Ziba masikio. Kaa mbali na spika hata wakikuita mpita njia. Tupa unyoya. Kilichobaki kilinde, maana kuna mtu anakihitaji kuliko wewe. Na yale mengine yakikufuata, kama yanavyonifuata mimi, ufanye uwezavyo. Mimi nikisikia ile sauti na Akinyi yuko karibu, namgusa bega. Naye anainua uso, anatazama huko ng'ambo ya miwa asikoona mtu, anasema, "Niko," kwa sauti ile ile iliyoita.